Bolti Iliyoshika Haitaki Hasira

Leo nawasimulia aibu yangu mwenyewe, ili ikitokea mmoja wenu akashika spana, asiipite njia niliyoipita mimi.

Siku moja tulikuwa tukiuteremka mteremko wa feri pale Likoni, watoto wako nyuma, nami nikakanyaga breki. Pakasikika mlio wa chuma kusaga chuma. Gari lilisimama, alhamdulillah, lakini mama watoto alinitazama kwa jicho lisilohitaji maneno. Jumapili iliyofuata nikanunua pedi na diski mpya, nikamwita mwanangu wa miaka 16, tukaanza kazi uani.

Kubadilisha pedi peke yake si kazi kubwa. Diski, hata hivyo, haitoki mpaka kifunguliwe kile kishikio cha chuma kinachobeba kalipa ya breki, nacho hufungwa kwa bolti mbili nene upande wa nyuma wa gurudumu. Hapo ndipo tuliponasa. Bolti ya chini ilikataa. Nikavuta, nikasukuma, jasho likanitoka. Nikachomeka bomba refu kwenye mkono wa spana, nikaegemea kwa uzito wangu wote. Ikalia “tak!” nikashangilia. Kumbe imekatika, nusu imebaki ndani.

Jirani yetu, mzee aliyewahi kuwa fundi wa magari kwa miaka mingi, akaja akachutama, akatazama kwa kitambo. Kisha akaniuliza kwa upole, “Mwanangu, ulikuwa ukiifungua, au ukiikaza?”

Nikanyamaza. Bolti hufunguka kwa kuzungushwa kinyume cha mshale wa saa, lakini kwa anayekitazama kichwa chake. Mimi nilikuwa nimekaa mbele ya gurudumu, na kichwa cha bolti kimeelekea nyuma. Nguvu zote zile nilikuwa nikiikaza. Mwanangu alijitia kutafuta soketi chini ya gari ili nisimwone akicheka.

Bolti ya juu aliifungua yule mzee, nasi tukitazama. Yote aliyoyafanya yalikuwa mambo ya subira.

Kwanza, alitueleza kwa nini magari yetu ya pwani husumbua zaidi ya magari ya bara. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi huharakisha kutu. Kutu nayo hujaa nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo huvimba katikati ya nyuzi za bolti na kuzibana kama kabari.

Basi akasugua nyuzi zinazoonekana kwa brashi ya waya, akatia mafuta mepesi ya kulegeza kutu pale bolti inapoingilia, kidogo kidogo, akiwa amezifunika sehemu za breki kwa tambara. Mafuta yakigusa pedi au uso wa diski, breki huteleza. Akaondoka kwenda kunywa kahawa. Aliporudi akatia tena, akagonga kichwa cha bolti kwa nyundo mapigo machache ya wastani. Mtikisiko huo huipasua kutu na kuyafungulia mafuta njia.

Pili, aliikataa spana yangu ya mdomo wazi. Hiyo hushika pande mbili tu, na ikiteleza hula pembe za bolti pamoja na ngozi ya vidole. Akachukua soketi ya pembe sita inayokaa sawasawa, akaisukuma mpaka mwisho, akatumia mkono mrefu. Akavuta kwa nguvu za utulivu, zinazoongezeka polepole. Bolti iliposogea kidogo, hakuifungua moja kwa moja: aliirudisha nyuma kidogo, akaongeza mafuta, akaifungua tena. Bandu bandu huisha gogo. Baada ya dakika chache ikatoka nzima, nyekundu kwa kutu.

Nikamwuliza habari ya kuichoma kwa moto, maana nimewaona mafundi wakifanya hivyo. Akatikisa kichwa. Ni kweli kwamba joto hulegeza chuma, lakini hapo karibu pana mpira wa kupitisha mafuta ya breki, na ndani ya kalipa mna mipira ya kuzuia mafuta yasivuje. Vikiungua, breki zinaweza kukosa nguvu siku usiyoitarajia. Tena baadhi ya dawa za kusafishia breki zikipata moto hutoa moshi wa sumu kali. Moto tumwachie mwenye karakana na ujuzi.

Ile bolti iliyokatika tulimwachia fundi wa kuchomelea. Aliunganisha nati kwenye kipande kilichobaki, akakitoa. Gari lililala siku 3, na gharama ilizidi bei ya pedi. Bolti mpya nayo haikuokotwa dukani kwa kufanana umbo. Kichwani mwa bolti huandikwa daraja la nguvu yake, kama 8.8 au 10.9, na ya breki haibadilishwi kwa iliyo dhaifu. Kisha hukazwa kwa kipimo cha kitabu cha gari, maana kukaza kupita kiasi ndiko kunakomwandalia fundi wa kesho taabu kama yangu.

Kwa anayetaka kujaribu, naongeza haya. Legeza nati za gurudumu gari likiwa bado limekaa chini. Ukishaliinua, liweke juu ya stendi imara na uzuie magurudumu mengine. Usivute bolti iliyoshika huku gari likining'inia kwenye jeki peke yake, kwani huo mvuto wako ndio unaoweza kuliangusha. Ukimaliza, kanyaga pedali mara kadhaa kabla ya kuondoka mpaka iwe ngumu. Na ukiona pembe za bolti zimeanza kulika, acha hapo hapo, umwite anayejua. Bolti nzima iliyoshika hufunguka kwa gharama ndogo. Iliyovunjwa kwa hasira ina bei nyingine.

Wiki iliyopita tuliteremka tena kwenye feri. Gari likasimama kimya, na mama watoto akaendelea kumenya chungwa. Mwanangu aliniinamia sikioni, “Baba, leo hukukaza kinyume?”

Sikuwa na jibu. Tukutane juma lijalo, inshallah.