Kituo Kimoja Zaidi na Sampuli ya Kwanza

Kuongeza kituo katika safari ya dereva wa sampuli ni kazi ndogo mno machoni pa anayeifanya. Mpangaji hufungua programu, huandika jina la zahanati, na njia mpya huchorwa papo hapo pamoja na kilomita zake. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Uzito wa kituo hicho haumwelemei mpangaji. Humwelemea mgonjwa ambaye damu yake imekwisha kuwekwa ndani ya boksi.

Programu za namna hii zina asili katika biashara. Mwaka 1959 G. B. Dantzig na J. H. Ramser walichapisha makala kuhusu kuyapangia njia fupi malori yanayopeleka petroli kwenye vituo vya mafuta. Hesabu yenyewe ni nzito: vituo 5 hupangika kwa namna 120, na kikiongezwa 1 tu, namna hizo hufika 720. Kompyuta imeurahisisha mzigo huo. Hata hivyo, petroli haibadiliki ikichelewa njiani, damu hubadilika.

Seli zilizo hai ndani ya tyubu huendelea kutumia sukari, takriban asilimia 5 hadi 7 kila saa, na joto huizidisha kasi hiyo. Chukulia mgonjwa aliyetolewa damu kabla ya kula, akiwa na sukari ya milimoli 7.4 kwa lita, juu ya kikomo cha 7.0 kinachoashiria kisukari. Damu isipotenganishwa, saa moja na nusu yatosha kuishusha chini ya kikomo hicho, naye ataambiwa hana ugonjwa. Potasiamu nayo huvuja kutoka ndani ya seli, hata daktari akaogopa hatari isiyokuwapo.

Liko pia jambo ambalo ramani hailionyeshi. Dereva anayeanzia mbali na kukusanya akirejea hubeba sampuli ya zahanati ya mbali kwa muda mrefu kuliko zote. Kila kituo kinachoongezwa baada yake hulipiwa na sampuli hiyo ya kwanza. Ile ya mwisho hailipi chochote. Hivyo walio mbali na maabara huongezewa umbali mwingine, nao hawakuulizwa.

Haifuati kwamba zahanati mpya inyimwe huduma. Wagonjwa wake wana haki ileile. Linalotakiwa ni kubadili kigezo: safari ihesabiwe kwa saa, tangu sindano hadi maabara, kwa kuitazama sampuli iliyokaa njiani kuliko zote. Maabara itaje kikomo cha kila kipimo, na programu iikatae njia inayokivuka. Makohozi ya kifua kikuu yaliyohifadhiwa kwenye ubaridi huvumilia siku kadhaa, basi na yazunguke vituo vingi. Damu ya kupima sukari na potasiamu ipewe safari fupi, au itenganishwe zahanatini pale penye mashine ya kuzungusha damu.

Zaidi ya yote, mtaalamu wa maabara aulizwe kabla ya kituo kuongezwa, si baada ya majibu kutiliwa shaka.