Bastola ya Kojak, Swali la Bibi
Wadau, baba alikuwa na kanda za video za zamani. Pale nyumbani Kisarawe tulimshangilia Kojak wa miaka ya 1970 na bastola yake fupi. Columbo tulimwona bwege: koti limechakaa, silaha kwa kawaida habebi, kazi kuuliza tu.

Likizo iliyopita kijana wa jirani alishikwa eti kaiba simu. Watu wameshaokota mawe. Bibi mmoja akauliza: “Nani kamwona? Saa ngapi?” Kimya. Baadaye simu ikakutwa kwa bodaboda aliyempakia mwenye nayo.

Hata Bwana Msa wetu, vitabuni tangu 1960, anajulikana kwa kiko na akili, si bastola. Wasomi wenzangu, mtaani tukikuta mawe yameokotwa, tuwe Columbo. Tuulize kwanza.