Nani Atalipia Riwaya ya Kijana Aliyemaliza Shule?

Julai 1796 riwaya ya juzuu tano ilitoka London ikitanguliwa na orodha ndefu ya majina. Yalikuwa zaidi ya 1,000, yote ya watu waliokwisha kulipa gini moja, yaani pauni moja na shilingi moja, kwa hadithi ambayo hawakuwa wameisoma. Mmoja wao alikuwa Jane Austen wa kijiji cha Steventon, binti wa kasisi, mwenye umri wa miaka 20, ambaye wakati huo hakuwa amechapisha hata riwaya moja. Kitabu kiliitwa Camilla, na mwandishi wake, Frances Burney, alikipa jina la pili lenye maana ya taswira ya ujana.

Burney alikuwa na sababu ya kuwaendea wasomaji mwenyewe. Riwaya yake ya kwanza, Evelina, inayomfuata msichana anayeingia katika dunia ya wakubwa, aliiuza kwa mchapishaji kwa gini 20 tu. Ilitoka mwaka 1778, ikapendwa, ikachapwa tena na tena, na faida ikabaki kwa mchapishaji. Alipofika kwenye Camilla alikuwa ameolewa na afisa wa Kifaransa aliyekimbia mapinduzi ya kwao na kupoteza mali yake, na walikuwa na mtoto mchanga. Mabibi watatu wanaoheshimika, Boscawen, Crewe na Locke, wakakubali kushika daftari za majina na kupokea fedha. Mapato ya kitabu yaliwajengea wazazi hao nyumba huko Surrey, wakaiita Camilla Cottage.

Ndani ya riwaya hiyo mna jambo ambalo kijana wa leo wa Mbagala au Kayole angelitambua mara moja. Camilla anaonja uhuru: anasafiri hadi miji ya starehe, anacheza dansi, anachagua marafiki. Nyuma ya kila starehe kuna mwenye duka anayesubiri kulipwa. Kaka yake Lionel anamkamua fedha, naye anaona aibu kuwaambia wazazi. Madeni yanapanda hadi baba, kasisi asiye na makuu, anaingia jela kwa ajili yake. Camilla anaupata ukubwa aliokuwa akiutamani, na siku hiyo hiyo anajua umemgharimu nani. Hadithi inaishia kwa ndoa njema, lakini msomaji hasahau ile jela.

Vitabu vya umri huo wa kuingia ukubwani ndivyo vinavyokosekana zaidi katika Kiswahili. Sababu si uhaba wa waandishi. Wachapishaji wa Tanzania na Kenya wanategemea sana soko la shule, na riwaya inayoteuliwa kutahiniwa ina uhakika wa wanunuzi. Lakini kijana akishamaliza mtihani wa mwisho hana tena silabasi ya kumpangia cha kusoma. Hapo ndipo anapohama nyumbani, anapolipa kodi ya chumba kwa mara ya kwanza, anapotuma fedha kwa mama huku mwenyewe akilala na njaa, anapoona marafiki wa utotoni wakitawanyika. Ni miaka yenye furaha kubwa na upweke mkubwa, na mchapishaji anayesubiri oda ya shule hana namna ya kuitolea kitabu. Atakayekilipia ni msomaji mwenyewe, na akilipie kabla hakijachapwa.

Uingereza wamelijaribu jambo hili upya. Mwaka 2011 Dan Kieran, John Mitchinson na Justin Pollard walianzisha kampuni ya Unbound: mwandishi alieleza kitabu alichotaka kuandika, wasomaji wakatanguliza fedha, na majina yao yakachapwa ndani ya kitabu, kama ilivyokuwa enzi za Burney. The Wake, riwaya ya Paul Kingsnorth iliyotoka kwa njia hiyo, iliingia kwenye orodha ndefu ya Tuzo ya Booker mwaka 2014. Mwaka 2016 ikafuata The Good Immigrant, mkusanyiko wa insha uliohaririwa na Nikesh Shukla. Waandishi wake 21 wanaeleza kuishi Uingereza wakiwa weusi au wenye asili ya Asia, na wengi wanarudi kwenye miaka yao ya kukua. J.K. Rowling peke yake alichangia pauni 5,000. Mmoja wa waandishi hao ni Musa Okwonga, ambaye wazazi wake waliikimbia Uganda ya Idi Amin. Mwaka 2021 alirudi Unbound na One of Them, kumbukumbu za ujana wake katika shule ya Eton: fahari ya kuingia mahali watoto wa matajiri wanaposomea, na uzito wa kuiwakilisha jamii nzima akiwa bado mtoto.

Vitabu hivyo vinatosha kuonyesha kwamba njia yenyewe ni nzuri. Kilichofuata kinauma. Machi 2025 Unbound ilifilisika, waandishi wakabaki wanadai mirabaha yao. Kampuni mpya, Boundless, ikainunua, nayo ikaanguka mwaka huo huo. Walioumia zaidi ni wale waliokwisha kuwashawishi ndugu na marafiki walipie vitabu ambavyo sasa havina mchapishaji.

Anayetaka kuanzisha jambo hili huku kwetu aliangalie anguko hilo kwa makini, na asilifanye kisingizio cha kutojaribu. Utaratibu wenyewe si mgeni. Kamati ya harusi inagawa kadi za michango, inaandika ahadi, inamchagua mweka hazina, na kila jioni orodha ya waliotoa inatumwa kwenye kundi la WhatsApp. Watu wanaochangia sherehe ya usiku mmoja wanaweza kuchangia riwaya, mradi waone fedha yao iko wapi. Wasomaji 500 wakitanguliza shilingi 20,000 za Tanzania kila mmoja, hizo ni milioni 10, fedha ya kumkalisha mpiga chapa mezani.

Lakini fedha hiyo ni amana, wala isiingie kwenye mfuko wa mishahara na kodi ya ofisi. Ikae kwenye akaunti yake yenye watia saini watatu, mmoja wao akiwa nje ya kampuni, kama wale mabibi watatu wa Burney. Mswada uwe umekamilika na kupita kwa mhariri kabla ya mchango wa kwanza kupokelewa. Mwandishi ajue kwa maandishi sehemu yake ni ipi na atalipwa lini. Na tarehe ya mwisho ikifika kabla idadi haijatimia, kila shilingi irudi kwenye simu ilikotoka, bila msomaji kulazimika kuiomba.