Ufadhili wa Uzamivu katika Sayansi: Ada Imelipwa, Utafiti Unalipiwa na Nani?

Matangazo ya ufadhili wa masomo ya uzamili na uzamivu katika sayansi na uhandisi yamekuwa yakifuatiliwa kwa karibu na wananchi katika miaka ya hivi karibuni. Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi (HEET), ulioanza mwaka 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa Dola za Marekani milioni 425, umewapeleka masomoni wanataaluma wa vyuo vikuu vya umma sambamba na ujenzi wa madarasa na maabara. Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, iliyozinduliwa jijini Dodoma Julai 17, 2025, nayo imeweka sayansi na teknolojia pamoja na utafiti na maendeleo miongoni mwa vichocheo vyake vikuu. Mwelekeo upo wazi. Lililo gumu zaidi ni kujua fedha inayotangazwa inalipia nini hasa.

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza hugharimiwa ili afundishwe. Wa uzamivu hugharimiwa ili afanye kazi ambayo hakuna aliyeifanya kabla yake, na kazi hiyo ina gharama zisizoonekana katika hati ya ada. Anayechunguza maji ya visima lazima asafiri kukusanya sampuli wakati wa masika na wakati wa kiangazi, anunue vitendanishi ambavyo aghalabu huagizwa kutoka nje, asubiri zamu ya mashine ya vipimo, kisha arudie kipimo kilichoharibika. Kwa muda wote huo, ambao kwa kawaida si chini ya miaka mitatu, anahitaji posho ya kujikimu, na mara nyingi ana familia inayomtegemea. Ufadhili unaolipa ada na kuishia hapo humfikisha mtu mlangoni mwa maabara na kumwacha hapo hapo.

Mfano wa maji haukuchaguliwa kwa bahati. Katika maeneo mengi yanayouzunguka Mlima Meru, miamba ya volkano hutoa madini ya floraidi yanayoingia katika chemchemi na visima kwa viwango vinavyozidi miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ndicho kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Athari zake huonekana kwa macho: meno yenye rangi ya kahawia na, kwa waliokunywa maji hayo kwa miaka mingi, mifupa iliyopinda. Dkt. Askwar Hilonga, mzaliwa wa Mkoa wa Arusha aliyesomea uzamivu wa nanoteknolojia katika Chuo Kikuu cha Hanyang, Korea Kusini, alirejea nchini kufundisha katika Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela (NM-AIST) iliyopo Tengeru. Huko alibuni chujio linalounganisha mchanga na chembechembe za nano, linaloweza kurekebishwa kulingana na uchafu uliopo katika maji ya mahali husika, floraidi ikiwamo. Mwaka 2015 alikuwa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, na kuzawadiwa pauni 25,000.

Ujuzi uliozaa chujio hilo ulipatikana mbali, katika nchi yenye maabara zilizokamilika, lakini swali lilikuwa la nyumbani. Hapo ndipo penye uzito wa suala hili. Mwanafunzi anayegharimiwa na mradi wa nje kwa kawaida hupokea pia mada ya mradi huo. Anaweza kurudi na shahada nzuri kuhusu tatizo ambalo jirani zake hawana.

Nchi nyingine zimelishughulikia jambo hili kwa kumpa fedha mwanafunzi mwenyewe badala ya profesa au mradi. Marekani imefanya hivyo tangu mwaka 1952 kupitia Taasisi ya Taifa ya Sayansi ya nchi hiyo (NSF): mhitimu anayechaguliwa hulipwa posho kwa miaka mitatu, kwa sasa Dola 37,000 kwa mwaka, na anaweza kuipeleka katika chuo chochote cha Marekani chenye ithibati. Mpango huo ni kwa raia na wakazi wa kudumu wa nchi hiyo pekee, kwa hiyo si fursa kwa Mtanzania anayeishi hapa. Hata hivyo, unaonyesha namna ufadhili wa aina hii unavyotikisika pale bajeti inapobanwa. Aprili 2025 waliotangazwa walikuwa 1,000, takribani nusu ya idadi iliyozoeleka, kabla ya wengine 500 kuongezwa mwezi Juni.

Ikiwa mtikisiko huo umeikumba nchi inayojigharamia, anayetegemea bajeti ya mwingine ana sababu kubwa zaidi ya kujipanga. Sweden ilianza kusaidia utafiti nchini mwaka 1977, na watafiti wengi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipata uzamivu kwa kugawa muda wao kati ya nyumbani na vyuo vya huko. Utaratibu huo wa kugawa muda ndio unaotumiwa leo na mfuko wa kikanda wa RSIF, unaosimamiwa na kituo cha utafiti cha icipe jijini Nairobi: mwanafunzi husajiliwa katika chuo cha Afrika, kisha hutumia kati ya miezi sita na 24 katika taasisi mshirika nje ya bara au kwingineko. Faida yake ni kwamba shahada hutolewa na chuo cha Afrika. Udhaifu wake ni kuwa mashine hubaki kule, na mhitimu anaporejea hukuta ujuzi alionao hauna kifaa cha kuutumia. Kwa sababu hiyo maabara zinazojengwa chini ya HEET zina uzito sawa na nafasi za masomo, ingawa hazishangiliwi sana.

Kwa upande wa fedha za ndani, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, inasimamia Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Sayansi na Teknolojia (MTUSATE) ulioanzishwa mwaka 1995. Mfuko huo umegharimia miradi ya utafiti pamoja na masomo ya uzamili na uzamivu. Lengo la nchi za Afrika la kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti bado halijafikiwa na nchi nyingi. Kenya ilikwenda mbali zaidi, ikaandika asilimia 2 katika sheria yake ya mwaka 2013, lakini kiwango hicho hakijawahi kutimia. Sheria ni jambo moja, kasma ya bajeti ni jingine.

Lipo pia kundi ambalo matangazo mengi hayaligusi. Nafasi za HEET zimewalenga wanataaluma walioajiriwa na vyuo, jambo lenye mantiki kwa kuwa vyuo vinahitaji wahadhiri wenye uzamivu. Lakini mhandisi kijana mwenye ufaulu mzuri asiye na mwajiri wa kumpa likizo ya masomo hubaki akishindania ufadhili wa nje.

Kwa anayekusudia kuomba, sehemu ya kusomwa kwa makini zaidi ni ile inayotaja gharama za utafiti na muda wa mkataba. Miezi ya ufadhili kwa kawaida huhesabiwa tangu kuanza masomo. Haisubiri kibali cha utafiti, na kwa utafiti wa afya haisubiri idhini ya maadili kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Mwombaji aliyeandaa andiko lake mapema na kukubaliana na msimamizi kabla ya tangazo kufungwa huingia uwandani akiwa bado na posho mkononi.