Kikombe cha mashine si kikombe chako

Mama mjamzito ameambiwa kliniki kahawa iwe kidogo. Anatii: vikombe viwili kwa siku, basi. Anajaza maji kwenye mashine hadi namba 4 na kumaliza jagi lote kwa vikombe viwili vya nyumbani. Wala hadanganyi. Ila "kikombe" cha kwenye jagi ni kama mililita 150 tu, na kile kikubwa cha chai kinaingia hadi 300.

Kipimo cha kawaida ni gramu 10 za kahawa iliyosagwa kwa mililita 180 za maji, yaani vijiko viwili vya chakula, visirundikwe. Gramu 10 za arabika, kama ya Kilimanjaro, zina kafeini miligramu 100 na zaidi. Kwa hiyo jagi lake hilo linapita miligramu 300, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito anayekivuka apunguze, kwa hatari ya mimba kuharibika au mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Robusta, ile ya Kagera, ina karibu mara mbili.

Kuongeza maji ili kahawa iwe nyepesi hakusaidii ukiinywa yote. Punguza unga kwenye chujio. Kwanza mimina maji ya kikombe chako ndani ya jagi uone yanafika namba ngapi, kisha pima vijiko kwa hesabu hiyo. Chai ya rangi na soda ya kola nazo zihesabiwe.