Misonobari ya Roma na Iritungu la Ntimaru

Wako watu, nao ni wengi, washikiliao kwamba kijana wa Ntimaru hana haja ya kumjua Ottorino Respighi. Wako na wengine, ambao kosa lao ni kubwa zaidi, wasemao kwamba akiisha kumjua Respighi hana haja tena ya iritungu. Ewe msomaji, nakusihi usiwafuate hao wala hawa.

Respighi alizaliwa Bologna, nchini Italia, mwaka 1879. Mwaka 1924 utungo wake uitwao Misonobari ya Roma ulipigwa kwa mara ya kwanza. Hamna ndani yake neno liimbwalo; ni vyombo tu, navyo vinakuonyesha watoto wakicheza bustanini, kisha makaburi ya chini ya ardhi, kisha kilima katika mbalamwezi, na mwisho majeshi ya kale yakija alfajiri. Sehemu hiyo ya mwisho mimi siipendi. Italia ilikuwa tayari mkononi mwa Mussolini, na mwaka 1935 majeshi yake yaliingia Uhabeshi. Mwafrika hawezi kuusikia mshindo ule asikunje uso.

Lakini isikilize sehemu ya tatu. Ni usiku, vyombo vimeshusha sauti, mara ndege analia. Si mpiga filimbi amwigaye ndege. Ni ndege hasa, ambaye sauti yake ilinaswa katika santuri, na mtunzi ameamuru santuri hiyo ipigwe katikati ya okestra. Je, alikosa mwanamuziki wa kumwigia? Hasha! Alimtaka ndege mwenyewe, yule aliaye usiku mitini.

Sasa njoo Ntimaru. Iritungu la Wakuria lina nyuzi nane na ngozi iliyowambwa juu ya mti uliochongwa. Sauti yake ni nzito, hutetemesha kifua. Nimemsikia mwalimu, mwenye cheti kama changu, akiwaambia wanafunzi kuwa hicho ni chombo cha kupokelea wageni, na kwamba muziki wa kusomwa umo vitabuni. Mtu huyo ningemwuliza: huko vitabuni uliingiaje, kama si kwa mtu aliyesikiliza yaliyo mlangoni pake akayaandika?

Watajibu kuwa Respighi alikuwa na okestra nzima. Naam, alikuwa nayo. Lakini Joseph Kyagambiddwa wa Uganda alipotunga oratorio ya mashahidi wa nchi yake, waliotangazwa watakatifu huko Roma mwaka 1964, alichota katika muziki wa Buganda, wala hakuomba radhi kwa mtu.

Nawe una mvua igongayo mabati, una ng'ombe warudio jioni, una ndege ambao hakuna santuri iliyowanasa. Jumamosi mwendee mzee mwenye iritungu, umwamkie kwa heshima, umwombe akupigie asubuhi ya Ntimaru. Chukua daftari.