Mchango wa Simu Hudai Hesabu ya Wazi
Ni rahisi kusisitiza matangazo na kuupita uwajibikaji haraka, ilhali mchango wa simu hudai hesabu ya wazi. Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Dandora hadi Kayole, harambee ilianza kuhamia kwenye simu baada ya M-Pesa kuzinduliwa mwaka 2007. Kikundi kinachotumia nambari ya Paybill, yaani nambari ya malipo iliyosajiliwa kwa jina la shirika, humpa mchangiaji ujumbe wenye jina hilo, tofauti na nambari binafsi ya mweka hazina, ambayo huzua minong'ono. Picha ya mtaro uliozibuliwa, ikitumwa kwenye kundi la WhatsApp la ploti pamoja na risiti ya koleo na glavu, huweza kuvuta mchango wa pili zaidi kuliko tangazo la kulipiwa. Ndiyo maana inasikitisha shirika linapolipia tangazo kabla ya kumwonyesha aliyechanga zilikoenda shilingi zake 50.